Choo na ekzosi kwenye boti: mabomba mawili ambayo muuzaji hatakutajia

Mtu wa Arusha akienda kutazama boti ya mtumba, maswali yake huwa ni yale yale ya gari: injini ina nguvu kiasi gani, inakula lita ngapi kwa saa, inabeba watu wangapi, bei ya mwisho ni ipi. Hakuna ubaya. Ila maswali hayo yanaacha nje mabomba mawili ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yanayoamua kama safari itakuwa raha au karaha: bomba linalotoa moshi wa injini na bomba linalotoa kinyesi cha abiria. Muuzaji hatayataja. Yako chini ya sakafu, nyuma ya ubao uliofungwa kwa skrubu, na huenda yeye mwenyewe hajawahi kuufungua.

Boti ninazozizungumzia ni za faiba, za mita 6 hadi 9 hivi, zenye kabini ndogo ya kujilaza na pengine kichumba cha choo ambacho mtu mzima anaingia kwa kuinama. Ndizo ambazo kampuni ya utalii au familia yenye nafasi huzifikiria. Ziwa Duluti pale Tengeru ni la mitumbwi na makasia, kwa hiyo tuliache. Boti ya injini kutoka huku itaishia kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, au itateremka zaidi ya kilomita 400 kupitia Same na Korogwe hadi Tanga na Pangani. Bwawani maji hayana chumvi, baharini yanayo, na tofauti hiyo inabadilisha karibu kila ushauri utakaopewa.

Kabla ya kuingia kwenye aina, kuna jambo moja ambalo ukilielewa mengine yote yanakuwa mepesi. Bomba lolote linalotoa kitu nje ya boti linaweza pia kuingiza maji ndani. Mpira uliojaa maji, ambao ncha yake moja iko baharini na nyingine iko ndani ya boti chini ya usawa wa bahari, utayavuta maji ndani bila pampu. Hauhitaji umeme wala kusukumwa. Hata mpira huo ukipanda juu kwanza ndipo ushuke, maadamu umejaa, utaendelea kuvuta usiku kucha huku wewe umelala hotelini. Dawa yake ni kuupandisha mpira hadi juu ya usawa wa maji, na pale kileleni kuweka valvu ndogo inayoruhusu hewa kuingia. Hewa ikiingia, mvuto unakatika. Hapa nitakiita kitanzi cha hewa, na utakikuta kwenye ekzosi na kwenye choo pia. Boti nyingi zinazozama zikiwa zimefungwa gatini hazikugonga mwamba wowote. Ni kitanzi hiki hakikuwepo, au kilikuwepo na valvu yake imeganda kwa chumvi.

Tuanze na moshi, na tuanze na rahisi. Mashine ya kupachika nyuma haina mfumo wa ekzosi wa kukuumiza kichwa. Moshi unashuka ndani ya mguu wa mashine na kutokea katikati ya propela, chini ya maji. Injini ikinguruma bila boti kutembea, sehemu ya moshi hutokea kwenye tundu dogo lililo juu ya maji. Hakuna tundu lililotobolewa kwenye bodi kwa ajili yake. Maji ya kupozea yananyonywa kwenye mguu huo huo, na kiasi chake kidogo hutoka pembeni ya mashine kama uzi mwembamba. Uzi huo ndio kipimo chako. Ukikatika, zima mashine, kwa sababu ama impela ya mpira, yaani kigurudumu kinachosukuma maji ndani ya pampu, imekwisha ama njia imeziba kwa matope na majani, na Nyumba ya Mungu haina upungufu wa hivyo viwili.

Injini ya ndani ni habari nyingine. Gesi inatoka kwenye manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, ikiwa na joto la nyuzi 400 na zaidi. Kwenye gari joto hilo hupotelea hewani chini ya chesisi. Kwenye boti bomba linapita kando ya mbao, faiba, nyaya za umeme na tangi la mafuta, ndani ya chumba kisicho na upepo. Lazima joto lishughulikiwe, na zipo njia mbili.

Ya kwanza ni ekzosi kavu: bomba la chuma linapanda wima hadi juu ya paa, limezungushiwa kitambaa kizito cha kuzuia joto. Ni ya boti za kazi, za kuvuta na za uvuvi. Haina maji ya kutu ndani yake, na fundi wa gereji yoyote anaielewa mara moja. Lakini ina kelele, inachukua nafasi ya kabini, na kile kitambaa kikichanika kipande kidogo tu kando ya ubao, una moto. Kwa boti ya matembezi sioni sababu ya kuihangaikia.

Ya pili, ambayo utaikuta kwenye boti karibu zote za starehe zenye injini ya ndani, ni ekzosi ya maji. Pampu inanyonya maji ya nje, yanapita kwenye kipozeo cha injini, kisha badala ya kumwagwa tu, yanaingizwa ndani ya bomba la moshi kwenye elboo, kipande cha bomba kilichopinda kilicho mara baada ya manifoldi. Maji na moshi vinatoka pamoja, ndiyo maana nyuma ya boti unaona kama inakohoa na kutema maji. Moshi uliokuwa wa kuyeyusha mpira unapoa papo hapo, kiasi kwamba kutoka hapo kwenda mbele unaweza kutumia hosi ya mpira na sailensa ya faiba. Ni ubunifu mzuri sana, na wenye masharti mengi.

Sharti la kwanza ni elboo yenyewe. Moto, maji ya chumvi na asidi ya moshi vyote vinakutana hapo. Niliwahi kuona moja iliyopasuliwa kwa grainda kwenye gereji ya mtaa wa Unga Limited, Arusha, ya injini ya dizeli iliyofanya kazi baharini. Kwa nje ilikuwa imepakwa rangi vizuri. Ndani, masizi na chumvi vilikuwa vimegandamana vikawa jiwe jeusi, na njia iliyopaswa kupitisha vidole vitatu ilikuwa inapitisha kidole kidogo kwa shida. Ukuta unaotenganisha maji na moshi ulikuwa umelika hadi ukiuelekeza juani mwanga unapenya. Mwenye boti alikuwa amelalamikia nguvu kupungua. Walishabadilisha filta, walishapima nozeli, na hakuna aliyefikiria bomba, kwa sababu kwenye gari bomba la moshi halizibi namna hiyo.

Kuziba ni nusu ya tatizo. Ule ukuta ukitoboka, maji yanapita upande wa moshi na kurudi kwenye silinda. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikakutana nayo, kinachopinda ni koniro, ule mkono unaoiunganisha pistoni na krenki. Kwenye injini za petroli zenye mguu wa nje (injini iko ndani, propela iko kwenye mguu ulio nje nyuma ya boti), ambazo ni nyingi kwenye boti za mtumba kutoka Marekani, manifoldi na elboo huwa za chuma cha kusubu, na zikitumika baharini huchukuliwa kuwa kifaa cha kubadilishwa kila baada ya miaka mitano hivi. Ukiambiwa boti ina miaka kumi na mbili na elboo ni zile ilizotoka nazo kiwandani, hiyo siyo sifa, hilo ni punguzo la bei. Kwenye maji yasiyo na chumvi zinadumu zaidi, lakini hakuna njia ya kujua boti ya mtumba ilikuwa inaogelea wapi ila kuzifungua.

Sharti la pili ni urefu. Kama maji yanaingizwa kwenye elboo karibu na usawa wa bahari au chini yake, injini ikizimwa maji yanaendelea kuingia kwa ule mvuto niliousema, yanajaza sailensa, halafu yanapanda hadi kwenye silinda. Kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi ni sentimita 15: sehemu ya kuingizia maji ikiwa chini ya kimo hicho juu ya usawa wa maji, kitanzi cha hewa ni lazima. Usipime boti ikiwa tupu. Ipime imejaa mafuta, maji ya kunywa na abiria waliokaa nyuma, maana hapo ndipo tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, inapozama zaidi. Kutoka elboo kwenda nje, hosi iteremke muda wote, kama sentimita 4 kwa kila mita, isiwe na bonde la kutunza maji.

Boti ambazo injini yake iko chini sana haziwezi kuteremsha hosi hivyo. Hizo huwekewa sailensa ya kuinua maji: boksi lililo chini kuliko injini, maji yanakusanyika humo, na shinikizo la moshi linayasukuma juu na kuyatoa nje. Inafanya kazi vizuri na inapunguza kelele, lakini ina mtego mmoja ambao mafundi wa magari huuingia wakiwa na nia njema kabisa. Injini ikikataa kuwaka, kila unapopiga stata pampu ya maji nayo inazunguka na kusukuma maji kwenye boksi, ilhali hakuna moshi wa kuyatoa. Piga stata mara nyingi, boksi litajaa na maji yatarudi kwenye injini. Ulikuwa na betri dhaifu, sasa una injini ya kufungua. Ukiona haiwaki, funga valvu ya maji ya kupozea, hangaika na stata, na ikiwaka tu uifungue haraka, kwa sababu impela ya mpira ikizunguka kavu hata dakika moja inaweza kukatika mabawa.

Inabaki swali la moshi utokee wapi. Kutokea nyuma juu ya maji ndiyo kawaida. Unayaona maji yakitoka na unajua pampu inafanya kazi. Kutokea chini ya maji kunapunguza kelele na harufu, ila injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo inakuwa inasukumana na bahari, hivyo lazima kuwe na njia ndogo ya pembeni ya kupumulia. Injini zenye mguu wa nje nyingi hupitisha moshi kwenye propela kama zile za kupachika. Baadhi zina swichi ya kuchagua: propela kwa ukimya, au nyuma moja kwa moja kwa mngurumo wa kujionyesha. Hiyo swichi ni ya vijana. Kilicho muhimu zaidi ni vile vibao vya mpira ndani ya njia ya moshi vinavyozuia wimbi lisirudi ndani. Injini ikiwahi kuchemsha, vinaungua, na hutajua mpaka uvitazame.

Kelele na chumvi vinakula pesa. Kinachokula watu ni kaboni monoksidi, na hapa naomba nikae kidogo.

Ni gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani wakati wa baridi ya Juni na Julai huku kwetu. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watu wengi hudhani kwenye boti haiwezekani, kwa kuwa pande zote ni upepo. Upepo wenyewe ndio tatizo. Dereva yeyote wa safari aliyewahi kwenda Ziwa Natron anajua kwamba ukiacha dirisha la mlango wa nyuma wazi huku ya mbele yamefungwa, vumbi ulilolitimua mwenyewe linakufuata na kuingia ndani. Boti inafanya hivyo hivyo kwa moshi wake: nyuma ya kabini kunakuwa na upungufu wa hewa, na moshi uliokwisha kutoka unavutwa kurudi walipo watu. Boti iliyofunikwa turubai pande zote na kuachwa wazi nyuma tu ndiyo mbaya kuliko zote. Fungua kwanza mbele, hewa ipite na kutoka.

Mahali pa hatari zaidi ni pale watoto wanapopapenda: jukwaa la kuogelea lililo nyuma, futi moja au mbili juu ya bomba. Mwaka 2000 kwenye Ziwa Powell, Marekani, watoto wawili ndugu walikufa baada ya kuogelea chini ya jukwaa la nyuma la boti ya kulala ambako moshi wa jenereta ulikuwa unatolewa na kunaswa. Wachunguzi wa afya walipofuatilia waligundua vifo vingine vya namna hiyo vilivyokuwa vimeandikwa kuwa ni kuzama tu. Kwa hiyo injini inazimwa kabla mtu hajagusa maji, na jenereta inazimwa pia. Ile jenereta ndogo ya petroli ya dukani, ambayo watu huiweka nyuma ya boti ili kuendesha friji, siyo ya boti kabisa. Moshi wake hauendi popote.

Dizeli hutoa kaboni monoksidi kidogo sana ikilinganishwa na petroli, ingawa si sifuri. Na kwa boti za petroli za Marekani zenye injini ya ndani au mguu wa nje, mwaka wa kuzingatia ni 2010, ndipo sheria za huko zilipoanza kudai vichujio vya moshi kama vya magari kwenye injini hizo. Boti ya mtumba iliyotengenezwa kabla ya hapo kwa kawaida haina. Halafu kuna jambo la kikatili kidogo: dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Mgeni wa kwanza kutapika ataambiwa ni mawimbi, apewe kidonge, na alazwe kabini apumzike, yaani palepale gesi ilipojaa. Mtu akitapika bahari ikiwa shwari, mtoe nje na uzime injini kwanza, mengine baadaye.

Sasa choo.

Hapa watu huanza na vifaa, wakati mimi nadhani pa kuanzia ni swali la uchafu utaishia wapi. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa meli, katika kiambatisho chake cha nne kilichoanza kutumika Septemba 2003, unahusu meli kubwa: zenye tani 400 na kuendelea au zinazobeba watu zaidi ya 15, zikiwa kwenye safari za kimataifa. Boti yako haimo. Lakini vipimo vyake vinatoa picha: kinyesi kilichosagwa na kuuliwa vijidudu kimwagwe zaidi ya maili 3 za bahari kutoka nchi kavu, na kibichi zaidi ya maili 12, ambazo ni kama kilomita 22. Safari ambayo wageni wengi wa Pangani huiendea ni ya kisiwa cha Maziwe, kama kilomita 8 kutoka pwani. Kisiwa chenyewe ni mchanga mtupu ambao maji makubwa huufunika, hakuna mti wala kichaka cha kujificha, na ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Watu wanakwenda pale kuchungulia matumbawe kwa miwani ya kuzamia. Katika safari nzima hakuna hata dakika moja utakapokuwa mbali kiasi cha kumwaga kwa heshima. Mkojo na kinyesi vyote vinarudi na wewe.

Nyumba ya Mungu ni wazi zaidi. Watu wa vijiji vinavyolizunguka bwawa wanavua humo, wanaoga humo na wengine wanateka maji humo. Kipindupindu na homa ya matumbo vinajulikana. Kinachosahauliwa ni kichocho, ambacho aina yake moja huenezwa na mkojo unaoingia kwenye maji yenye konokono. Kwa hiyo hata ile kauli ya “haja ndogo tu” haina nafasi bwawani.

Ukishakubali hivyo, jibu la boti nyingi za huku linakuwa jepesi kupita walivyotarajia wenyewe: choo cha kubebeka. Watu wa Arusha na Moshi hawahitaji kufundishwa kitu hiki. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanakipandisha Kilimanjaro kila wiki, na ukienda stoo za kampuni za kupandisha wageni utavikuta vimepangwa. Kina vipande viwili vinavyobanana. Cha juu kina kiti na maji safi ya kusuuzia. Cha chini ni tangi la uchafu, lita 10 hadi 20 na ushee, na katikati kuna kibamba kinachofunguka ukikivuta na kufunga kwa mpira. Hakitoboi boti popote. Hakihitaji umeme. Kikiharibika kinatolewa kama begi.

Kasoro zake ni mbili. Tangi la lita 20 likijaa ni zaidi ya kilo 20 za kitu usichotaka kikumwagikie, na utalibeba kupitia ngazi ya boti, kwenye mchanga, mbele ya wageni. Chukua dogo ulimwage mara nyingi. Na lifungwe sakafuni kwa mikanda, kwa sababu wimbi la Pangani si njia ya Machame. Kasoro ya pili ni dawa. Dawa kali ya kuua harufu inaua pia vijidudu vinavyofanya kazi kwenye shimo la choo la nyumbani. Ukimwaga humo kila wiki utaliua shimo. Tafuta dawa zisizo na fomalini, na tumia kidogo.

Choo halisi cha baharini, kile chenye mkono wa kupampu pembeni, kina matundu mawili kwenye bodi: la kuingiza maji, la milimita 19 hivi, na la kutoa, milimita 38. Bakuli lenyewe mara nyingi liko chini ya usawa wa maji. Rudi kwenye lile jambo la mwanzo, na hesabu mwenyewe: tundu la milimita 38 lililo sentimita 30 chini ya maji linaingiza takribani lita 100 kwa dakika, yaani madumu matano ya lita 20. Pampu ndogo ya kutolea maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, haiwezi kushindana na hilo. Kwa hiyo kila tundu liwe na valvu yake inayofungwa kwa mkono, na vitanzi vya hewa viwe viwili, cha kuingiza na cha kutoa. Na mgeni aelezwe kabla ya kuingia, siyo baada, swichi ndogo iliyo kando ya pampu ni ya nini: upande mmoja inaingiza maji, upande wa pili inakausha bakuli. Ikiachwa upande wa kuingiza kwenye boti isiyo na kitanzi, bakuli linajaa taratibu, linafurika, na boti inaanza kushuka.

Cha umeme kinafanya yale yale kwa kubonyeza kitufe, na kina visu vinavyosaga. Wageni wanakipenda. Betri haikipendi sana, maana kinavuta ampea nyingi kwa sekunde chache, na waya mwembamba uliounganishwa na fundi wa redio utachemka. Karatasi nene, pamba na taulo za kike vinakikwamisha, na kukikwamua ni kazi ambayo hakuna mtu anaipigania. Vipo pia vya kunyonya kwa ombwe, ambavyo vinatumia kama nusu lita tu kwa kila kuflashi. Ni vizuri kwelikweli kwa boti inayolaza watu, na ni ghali kwelikweli.

Vyote hivi vya mabomba, kwa safari zetu, lazima viende kwenye tangi la kuhifadhia. Na hapo kabla hujauliza bei ya tangi, uliza nani atalinyonya na kwa mpira gani. Tundu la kunyonyea juu ya sitaha huwa la milimita 38. Gari la majitaka linalohudumia mashimo ya nyumba lina mpira mnene zaidi, hivyo utahitaji kiunganishi cha kuchongesha. Kama huna jibu la swali hili, tangi litajaa siku ya pili na nahodha atafungua valvu ya kumwagia baharini usiku. Mabishano yote ya mazingira yanaishia hapo, kwenye valvu moja. Ifunge kwa waya au kufuli.

Harufu ndiyo malalamiko namba moja, na watu humwaga madawa wakidhani tangi ndilo linalonuka. Mara nyingi sivyo. Maji ya bahari yana viumbe vidogo mno. Vikikaa kwenye mpira wa kuingizia wiki mbili bila choo kutumika vinakufa na kuoza, na harufu ya mayai viza unayoipata ukiflashi mara ya kwanza ni yao. Kusuuzia kwa maji safi kunaondoa hilo, ila usiunganishe choo moja kwa moja na bomba la maji ya kunywa kama hakikutengenezwa hivyo. Chanzo cha pili ni mpira wenyewe. Mpira wa kawaida wa duka la vifaa vya ujenzi unapitisha harufu kwenye kuta zake baada ya muda. Kuupima ni rahisi: lowesha kitambaa kwenye maji ya moto, kizungushe kwenye mpira, kiache kipoe, kisha kipeleke mbali na boti na ukinuse. Kikinuka, mpira umekwisha; hakuna dawa ya kuusafisha. Chanzo cha tatu ni bomba la hewa la tangi. Likiwa jembamba au limezibwa na nyigu, tangi linakosa hewa na vijidudu vinavyonuka ndivyo vinavyostawi. Siki nyeupe, ikimwagwa na kuachwa usiku kucha, hulainisha magamba meupe yanayoganda kwenye mipira kutokana na mkojo na maji ya chumvi.

Choo cha kutenganisha, ambacho mkojo unaingia chupa ya mbele na kinyesi kinaangukia kwenye makumbi makavu yanayogeuzwa kwa mkono, kinanivutia kuliko watu wengi ninaozungumza nao. Hakina tundu kwenye bodi, kinataka feni ndogo tu ya kutoa unyevu, na makumbi ya nazi kwa watu wa Pangani si bidhaa ya kuagiza. Tatizo ni wageni: lazima kila mtu aketi sawasawa, wanaume pia. Kwa familia inawezekana. Kwa kundi la watu wasiojuana sina hakika. Kuhusu mashine zinazotibu uchafu kwa kugeuza chumvi ya maji kuwa klorini kwa umeme, zinahitaji chumvi. Bwawani haziwezi kufanya kazi mpaka uongeze chumvi mwenyewe, na kwenye hifadhi ya matumbawe nisingependa kumwaga hata maji yaliyotibiwa.

Ukipata nafasi ya kuikagua boti ikiwa juu ya trela, zunguka nje kwanza na uhesabu matundu ya bodi, kisha ingia ndani utafute mpira wa kila tundu. Tundu usilolipatia mpira, au mpira usioujua uendako, ni sababu ya kusimamisha mazungumzo ya bei. Geuza kila valvu kwa mkono; inayohitaji nyundo imekufa. Kila mpira ulio chini ya maji uwe na klampu mbili za stenlesi. Mwambie muuzaji afungue elboo, na akikataa, weka bei ya elboo mpya kwenye hesabu yako. Injini isiwashwe bila maji ya kupozea, hata kwa “sekunde mbili tu nikusikilizishe”. Mwishowe tafuta king'ora cha kaboni monoksidi ndani ya kabini. Usiishie kubonyeza kitufe cha majaribio, kwa sababu kitufe kinapima betri na sauti, hakipimi gesi. Kitoe ukutani usome tarehe iliyoandikwa mgongoni: kihisi chake kina mwisho wa matumizi, kwa vingi kati ya miaka mitano na kumi, na kwenye boti ya mtumba karibu kila mara tarehe hiyo imeshapita.